Sentensi ngumu iko wapi? Kusoma tena «Vocabulaire» ya wazee wa Elisabethville

Mu mji wetu wa Lubumbashi kuna kitabu kidogo chenye wengi tunakitaja na wachache tumekisoma mpaka mwisho. Jina lake ni «Vocabulaire de Ville de Elisabethville». Kiliandikwa mwaka 1965 na André Yav, kwa jina la chama cha wazee waliokuwa zamani wafanyakazi wa nyumbani mwa Wazungu, wale waliokuwa wanaitwa maboyi. Kila mara tunapokitoa mbele ya watu wenye kusoma, jibu ni lile lile: «Ile Kiswahili haisomeki. Sentensi zake hazina mwanzo, hazina mwisho.» Sisi pia tulisema vile kwa miaka mingi. Leo tunapenda kuonyesha kwamba tulijidanganya, tuseme nusu, na kwamba kosa lile lile tunalifanya kila siku mu kalasi, na biki nyekundu mkononi.

1. Kitabu chenyewe

Tuanze na jina. Mtu akisoma «Vocabulaire» anangoja orodha ya maneno na maana zake. Anafungua, anakuta historia: kuja kwa Wazungu, kuzaliwa kwa mji, kazi, mabwana na watumishi wao, vita, mpaka nyakati za uhuru. Ni historia ya Elisabethville kama walivyoiona watu waliosimama mu jikoni na mu veranda. Mwaka ule 1965 mji ulikuwa ungali unaitwa Elisabethville. Jina la Lubumbashi lilikuja mwaka wa pili, 1966. Wazee waliandika basi wakati jina la zamani lilikuwa karibu kufa, na wao wenyewe walikuwa wanazeeka.

Kimeandikwa mu Kiswahili cha kwetu, si kile cha Zanzibar, wala kile cha katekisimu. Tena kimeandikwa bila sheria moja ya maandishi. Neno moja linakatwa vipande viwili au vitatu. Pengine maneno mawili yanashikana kama neno moja. Nukta na herufi kubwa zinaanguka pale hatuzingojei, na pale tunazingoja hazipo. Jicho lenye kuzoea vitabu vya masomo linajikwaa kila mstari.

Mtaalamu Johannes Fabian alikitoa upya mwaka 1990, mu kitabu chenye jina «History from Below», pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Yeye ni mtu aliyekaa kwetu na kusikia Kiswahili cha Katanga vizuri. Hata hivyo, macho yake peke yake hayakutosha. Alimwomba Kalundi Mango, mwenye lugha, asome maandishi yale kwa sauti, na sauti ile njo ilifungua mlango. Tuliposoma habari hiyo tulifurahi, sababu sisi tulikuwa tumeshaipata mu kalasi, bila kuitafuta.

2. Msichana mwenye kusoma na midomo

Mwaka mmoja tulipeleka kurasa mbili za kitabu kile mbele ya wanafunzi wa mwaka wa tano wa sekondari. Tuliwaambia wasome kimya, halafu waeleze. Nusu saa ilipita. Waliinua vichwa, wakatikisa. Mmoja alisema aliyeandika hakumaliza masomo. Tulikuwa karibu kukubali.

Nyuma kabisa kulikuwa na msichana mmoja, midomo yake ilikuwa inatembea. Kwetu sisi walimu, kusoma na midomo ni kusoma kwa mtoto wa mwaka wa kwanza. Ndivyo tulivyofundishwa mu Institut Supérieur Pédagogique, na ndivyo tunavyofundisha. Tulitaka kumkataza. Yeye akasema: «Prof, ukiisoma na macho haisemi kitu. Ukiisoma na kinywa njo inasema.» Tukamwambia asome kwa nguvu. Wenzake walicheka mwanzoni, sababu kile Kiswahili kilikuwa cha nyumbani, cha tate na koko, si cha tablo. Kisha wakanyamaza. Alipofika chini ya ukurasa, karibu kalasi nzima iliweza kueleza nani alikuja mbele ya nani, na nani alifanya kazi kwa nani.

Karatasi ilikuwa ile ile. Sentensi hazikubadilika hata herufi moja. Sasa ule ugumu wenye tuliuona nusu saa mbele, ulikuwa umekaa wapi?

3. Kichwa kinafanya nini na sentensi

Kusudi tujibu, lazima tuangalie kwanza namna mtu anavyofahamu sentensi yoyote. Hatungoji mwisho ndipo tufahamu. Kila neno likiingia, kichwa kinalipa nafasi palepale: huyu njo mtendaji, hii njo kazi yake, hiki njo kilichotendewa. Kichwa kikikosea nafasi, kinarudi nyuma kujenga tena, na kule kurudi njo tunakosikia kama «ugumu».

Tena kichwa kina mpaka wake. Mwaka 1956 Mmarekani George Miller aliandika kwamba mtu anaweza kushika mu kumbukumbu ya palepale vitu karibu saba tu, mbili zaidi au mbili pungufu. Mwaka 1963, yeye pamoja na Noam Chomsky walionyesha kwamba kuna sentensi zenye kufuata sheria zote za sarufi, lakini kichwa kinazikataa. Tuchukue mfano wetu mu Kiswahili bora:

«Mtoto ambaye mama ambaye mwalimu alimwita alimleta analia.»

Tafuta kosa la sarufi, hutalipata. Lakini msomaji anabeba mtoto, hajamweka chini, anapewa mama, hajamweka chini, anapewa mwalimu. Anakuwa kama mtu mwenye kutoka sokoni na beseni tatu, moja juu ya nyingine, na hakuna mtu wa kumtula. Mama mmoja wa Katuba atasema habari ile ile namna hii:

«Mwalimu aliita mama, ule mama njo alileta mutoto, ule mutoto njo analia.»

Hapa kila mzigo unawekwa chini mbele ya kubeba mwingine. «Ule» inamrudisha mtu tuliyemtaja kwanza, «njo» inaonyesha kidole. Watu wa masomo wanasema hayo ni Kiswahili ya mtaa, anarudilia maneno. Sisi tunasema ni kazi ya akili, sababu msemaji anafikiri juu ya msikilizaji wake.

Tuangalie jambo la pili, lile la «mwenye», lenye tunasahihisha kila juma. Kiswahili bora kinasema: «Mwanafunzi aliyemwita mwalimu ameondoka.» Ndugu msomaji, nani aliita nani? Uliza mu kalasi. Wengine watasema mwanafunzi njo aliita. Wengine watasema mwalimu njo aliita. Na wote wanasema kweli, sababu sarufi inaruhusu njia zote mbili. Sasa sikiliza Kiswahili cha Lubumbashi:

«Mwanafunzi mwenye aliita mwalimu alishaenda.»
«Mwanafunzi mwenye mwalimu aliita alishaenda.»

Hapa hakuna mashaka. Mpangilio wa maneno umemaliza mambo. Ni kweli Kiswahili bora nacho kina dawa yake: unaweza kusema «ambaye mwalimu alimwita». Hatusemi basi kwamba lugha moja ni nzuri na nyingine ni mbaya. Tunasema tu kwamba yule mwanafunzi tunayemkata pwen juu ya «mwenye» pengine alikuwa anatupa sentensi wazi kupita yetu.

4. Kile sauti inafanya

Turudi kwa wazee. Sentensi zao hazikupangwa kwa ajili ya macho. Mwenye kuzisoma kwa kinywa anatia mwenyewe vile maandishi yalikosa: pale pa kupumua, pale pa kupandisha sauti, pale pa kushusha. Neno lililokatwa vipande vitatu linakuwa tena moja, sababu ulimi haujui nafasi nyeupe kati ya herufi.

Kuna tena yale maneno madogo ya kuunganisha. Kwetu mtu akieleza jambo refu anatia «bon», «donc», «alors», «puisque» katikati ya Kiswahili. Watu wengi wanaona ni uchafu. Vincent de Rooij, mu kitabu chake cha mwaka 1996 juu ya Kiswahili cha Shaba na Kifaransa, alionyesha kwamba maneno hayo yanafanya kazi: kwa kuwa yanatoka lugha ingine, sikio linayashika upesi, na yanamwambia msikilizaji kwamba hapa tunafunga, hapa tunafungua, hapa inakuja sababu. Ni kama mawe meupe kando ya njia usiku. Mwenye kuyaondoa yote kusudi lugha iwe safi, anaacha wasafiri mu giza.

Mambo haya si mageni mu desturi zetu. Kasala ya Waluba, yenye Patrice Mufuta aliitolea kitabu mwaka 1969, na Clémentine Faïk-Nzuji mwaka 1974, ukiiona kwenye karatasi ni msitu: majina juu ya majina, sifa juu ya sifa, na kitenzi mtu anakitafuta. Lakini ku matanga hakuna anayeomba maelezo. Sauti inaongoza, na kila jina linamwamsha mtu aliyekaa pale, anayejua ukoo wake. Sentensi inamalizwa na wale wanaoisikia.

5. «Bwana alitupa mukate»

Lakini sauti haitoshi. Kuna kitu cha tatu, kupita jicho na sikio, nacho ni maisha yenyewe. Tutoe mfano mmoja, ni wetu, si wa kitabu:

«Bwana alitupa mukate.»

Maana ni mbili. Ya kwanza: bwana alitupatia sisi mkate. Ya pili: bwana aliutupa mkate, aliutupa inje. Herufi ni zile zile, na sauti ni ile ile. Mtu wa Kiswahili bora hawezi kukata neno hili kati, sababu sheria inamkataza. Kumbe mzee mwenye kuandika «ali tu pa» kwa vipande, na tunayemcheka, angekuwa ameshatusaidia.

Akiandika kwa neno moja, nani atajua? Atajua yule anayejua ule bwana alikuwa mtu wa namna gani, na ile nyumba ilikuwa na desturi gani na chakula kilichobaki ku meza. Maboyi wenzake wanaposoma, hawasimami hata kidogo. Sisi wajukuu njo tunasimama. Ugumu huu haukuandikwa na yule mzee. Ulikuja nyuma yake, pole pole, wakati wale waliojua jikoni zile walipokuwa wanakufa mmoja mmoja.

Fabian alijifunza neno hili pia mu Lubumbashi, mwaka 1986, na wachezaji wa kikundi cha Mufwankolo. Alikuwa amesikia usemi mmoja: «Le pouvoir se mange entier», mamlaka inakuliwa nzima. Maneno ni machache na kila moja ni jepesi. Mtoto wa mwaka wa tatu anaweza kuyatafsiri. Lakini maana yake? Ni kusema mkubwa hagawanyi mamlaka yake na mtu? Ao ni kusema anayekula mamlaka lazima ale na uchungu wake? Fabian aliuliza wachezaji. Wao hawakumpa jibu la kamusi. Walizungumza, walibishana, halafu wakajenga mchezo mzima wa teatri juu ya usemi ule, na ukapita ku televisheni. Hapo tunaona kwamba sentensi fupi inaweza kuwa ngumu kupita ndefu, na kwamba watu wetu wana njia yao ya kufungua sentensi ngumu: kuitia mu maisha, kuona nani anaisema, mbele ya nani, siku gani.

6. Pale hatuwezi kuwasifu

Tusifanye sasa kosa la upande mwingine, kusema wazee hawana kosa hata moja. Kazi ya kuhakiki haiko kupiga makofi.

La kwanza, mu «Vocabulaire» wakati unaruka. Tuko mu miaka moja, mara tunajikuta mu mingine, na hakuna neno la kutupeleka. Msichana wetu alisoma vizuri kwa kinywa, lakini hata yeye alipotea pale. Msimuliaji akiwa mbele yetu tungemwuliza: «Baba, hiyo ilikuwa mbele ya vita ao nyuma?» Karatasi haijibu. Mwenye kuandika lazima ajiulize mwenyewe maswali yale ambayo msikilizaji angemwuliza. Hiyo njo tofauti kubwa kati ya kusema na kuandika, na wazee hawakuizingatia sana.

La pili, Wazungu wanatajwa kwa majina ya kupanga, yale tuliyowapa sisi watu weusi. Kwa wasomaji wa 1965 lilikuwa jambo la furaha, labda na la kicheko. Kwetu leo majina mengi ni milango iliyofungwa.

La tatu halihusu wazee, linahusu chapa. Kitabu kilichofunguliwa kwa sauti ya mtu wa kwetu kilitoka Amsterdam, na maelezo yake ni ya Kiingereza. Tunashukuru sana kazi ile. Bila hiyo pengine maandishi yangeliwa na mchwa. Lakini kwa mwanafunzi wa Kenya ao wa Kamalondo, mlango umefunguliwa upande wa pili wa nyumba. Anahitaji chapa yenye maneno yamepangwa sawa, Kiswahili cha wazee kimebaki kama kilivyo, na chini ya ukurasa maelezo mu Kiswahili: huyu bwana alikuwa nani, hii kazi ilikuwa namna gani.

7. Inatuhusu nini

Wengine watasema: hayo ni mambo ya wazee, sisi tuna ekzameni ya Leta ya kutayarisha. Tunajibu kwamba ni jambo moja.

Katiba ya tarehe 18 februari 2006 inahesabu Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Kifungu chake cha 142 kinaomba Serikali ieneze sheria mu Kifaransa na mu zile lugha nne, ndani ya siku 60. Ni neno zuri. Lakini sheria iliyotafsiriwa kwa sentensi zenye kubeba beseni tatu kichwani haijaenezwa. Imehamishwa tu kutoka lugha moja isiyosikika kuingia ingine isiyosikika. Mama mwenye kesi ya kiwanja atasikiliza, atainamisha kichwa, ataenda nyumbani. Watasema hakusoma. Hakuna atakayesema sentensi njo ilikuwa mbaya.

Vilevile sheria ya elimu ya tarehe 11 februari 2014 imezipa lugha za kwetu nafasi mu masomo. Siku nafasi ile itajazwa kweli, tutafundisha na Kiswahili gani? Tukifundisha kile cha kumtega mtoto, tutakuwa tumebadilisha fimbo tu, mgongo ni ule ule.

Sisi hatuombi walimu waache Kiswahili bora. Kinatuunganisha na ndugu wa Kigoma, wa Mombasa na wa Bukavu, na mwenye kukijua ana mali. Tunaomba mambo matatu madogo. Mbele ya kusema sentensi ni mbaya, tuisome kwa kinywa. Mbele ya kusema mtu hafahamu, tujiulize tumempa mizigo mingapi kwa mara moja, na kama ana maisha ya kumsaidia kufahamu. Na tukisahihisha, tutofautishe kosa lenye kuficha maana na kosa lenye kuudhi macho yetu tu. La kwanza tulikate, la pili tulieleze pole pole.

Yule msichana, baada ya kusoma, alituuliza kama anaweza kubaki na zile kurasa mbili. Alisema tate yake alikuwa mpishi kwa Wazungu, macho yake yamekwisha lakini masikio bado iko nazo. Alitaka amsomee. Juma lililofuata alirudisha karatasi, na kando yake, kwa kalamu ya karboni, kulikuwa na maelezo machache yenye mzee alimwambia aandike. Sisi tulikuwa na diploma, na maelezo yale hatukuyajua hata moja. Tuliyanakili yote, na karatasi tukamrudishia yeye.